Masaji ya Kibali

Ubao umeandikwa kwa rangi ya kucha:
MASAJI YA KIBALI, SAA MOJA, ELFU THELATHINI.
Nikacheka peke yangu mtaa mzima wa Dunda.
Miaka kumi na tisa natoa vibali Dodoma,
kibali cha ukuta, kibali cha kisima,
kibali cha kukata mti ulioanguka wenyewe.
Nimekuja Bagamoyo likizo ya siku nane
na kibali kimenitangulia, kimekaa mlangoni.

"Si kibali hicho," akasema aliyefungua pazia.
"Ni Bali. Kisiwa. Kiko huko kwao.
Alikuja mwalimu hotelini, mwanamke mfupi,
akatufundisha wiki tatu, akaondoka na homa."
Jina lake Sikudhani Pazi, wa Kaole.
"Bibi yangu alikuwa akikanda wazazi.
Yule mwalimu alinionyesha kiwiko tu;
vidole nilikuwa navyo."

Nikalala kifudifudi. Kitanda kina tundu la uso;
tunduni nikaona beseni, mchaichai unaelea,
na miguu yake, hina imefifia kuchani.
Feni ilizunguka kwa kusitasita
kama karani aliyeulizwa jalada.

Akaweka viganja mgongoni. Havikusogea.
"Naomba ruhusa," akasema.
Nikadhani anaongea na simu.
"Nakuomba wewe. Mwalimu alisema tuombe.
Na bibi alisema: mwili una mwenyewe, piga hodi."
Sikuwa na jibu. Mimi huombwa kwa maandishi,
nakala tatu, picha mbili za pasipoti.
Nikaliambia beseni: "Karibu."

    Akaanzia unyayo, akapanda kwa vidole,
    Kama mfuata nyayo, za mtu wa siku zile,
    Taratibu, bila choyo, akafika pale pale,
    Ndipo nikauma mto, nisije kupiga yowe.

"Mkono huu wa kulia unatwanga nini?"
"Muhuri."
"Muhuri gani una uzito wa mchi?"
Akaingiza kiwiko chini ya bapa la bega,
na pale ndani, naapa, hapakuwa na msuli:
palikuwa na Mama Nyemo, muuza mlenda,
anaomba kuongeza chumba kimoja
kwa binti aliyerudishwa na mume, na watoto wawili.
Njoo Jumatatu, nilimwambia.
Jumatatu sita.
Ya saba alikuja na mvua, khanga imemganda,
akakaa benchi mpaka tukafunga, hakuuliza kitu.
Ya nane hakuja.
Jalada lake halikuwa na kasoro.
Nilikuwa tu sijalifungua.

"Pumua," akasema Sikudhani. "Umebana."
Nikapumua. Kikatoka kitu kama kikohozi cha mbuzi.
Hakuuliza. Akaongeza mafuta,
nazi ya vuguvugu, harufu ya ubwabwa wa sikukuu.

Saa ikaisha na bega la kushoto halijaguswa.
Nikamwomba nusu saa, nalipa mara mbili.
Akafuta mikono kwa kitambaa cha maua:
"Nina mzazi Nianjema, mtoto ana siku tatu.
Njoo Jumatatu."

Hakujua alichosema.
Akaniuzia kichupa cha mafuta, elfu mbili,
kifuniko chake ni kipande cha gunzi.

Jumatatu nilikuwa dirishani pangu, Dodoma,
bega la kulia jepesi, la kushoto zege,
nimejipaka mwenyewe alfajiri, vibaya,
shati limenata.
Nikalitafuta jalada kabla ya chai.
Lilikuwa chini ya mengine kumi na manne, lina vumbi la panya.
Kidole gumba kikaacha doa ukurasa wa kwanza,
doa la mafuta, linapitisha mwanga,
juu ya neno Mwombaji.

Muhuri ukateleza.
Nikaupiga tena.